Kompyuta mpakato nyepesi ya daraja la juu kwa kazi za kila siku: nichague kwa kigezo gani?

Mkoba Mwepesi aliuliza:

Wanajukwaa, salaam.

Ninatafuta kompyuta mpakato nyepesi ya daraja la juu kwa matumizi ya kila siku, na kila ninapodhani nimemaliza uchunguzi wangu ndipo ninapokutana na maoni mapya yanayopindua yale ya jana. Kazi yangu ni kuandika na kuhariri ripoti ndefu, kutunza majedwali ya kawaida, kufungua vichupo vingi vya kivinjari kwa pamoja na kuhudhuria kikao kimoja au viwili vya video karibu kila siku. Picha huzirekebisha mara mojamoja tu. Sichezi michezo ya kompyuta wala sihariri filamu. Mashine ninayoitumia sasa inazidi kilo 2 hata kabla ya kuongeza chaja, na kwa kuwa hushinda nayo begani, uzito ndio sababu ya kwanza ya kutaka kuibadilisha.

Orodha yangu imebaki na tatu: MacBook Air ya inchi 13 yenye chipu ya M4, ThinkPad X1 Carbon ya Lenovo ya kizazi cha 13, na ASUS Zenbook S 14 yenye prosesa ya Intel Core Ultra. Nitakayoichagua ningependa inifae kwa miaka mitano au sita. Naomba mnisaidie kwa haya: je, tofauti ya gramu 200 kati ya mashine moja na nyingine inahisika kweli, au ni takwimu ya kupendezesha matangazo? RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hukaa) ya GB 16 inatosha? Kioo cha OLED kina faida gani kwa mtu anayesoma maandishi kutwa? Na hizi kompyuta za Windows zenye chipu za Snapdragon, ambazo nasikia betri zake hazichoki upesi, zimeshakomaa au bado?

Fundi wa Ubao alijibu:

Ndugu Mkoba Mwepesi, riziki yangu naipata kwa kuzifungua mashine hizi, kwa hiyo utanivumilia nikianzia tumboni kabla ya usoni. Kwa kompyuta mpakato nyepesi, mimi huwauliza wateja wangu swali moja kabla ya yote: ni kitu gani hutaweza kukibadilisha baada ya kulipa? Prosesa zote za mashine ulizozitaja zina nguvu kupita mahitaji uliyoyaeleza, na mtu anayehariri maandishi hataona tofauti kati yake hata akizipanga mezani zote tatu. Lakini RAM, kioo na kibodi utaishi navyo mpaka siku utakapoiweka mashine kando, na huko ndiko fedha zako zinakopaswa kwenda.

Ukifungua kifuniko cha chini cha Zenbook S 14 hutakuta nafasi ya kuchomekea RAM. Hutakuta hata vile vipande vyeusi vya RAM vilivyolehemiwa kwenye ubao kando ya prosesa, kama tulivyozoea kwenye mashine nyembamba za miaka iliyopita, kwa sababu prosesa za Intel za familia ya 200V, zilizotoka Septemba 2024, zimebeba RAM ndani ya pakiti ileile ya prosesa. Faida yake ni kwamba data husafiri umbali mfupi, umeme kidogo zaidi hutumika, ubao unapungua ukubwa na nafasi inayobaki inapewa betri. Hasara yake ni kwamba uamuzi wa siku ya kununua hauna rufaa. MacBook Air nayo imeweka RAM kwenye pakiti moja na chipu, na X1 Carbon, hata ile isiyotumia prosesa za familia hiyo, haina nafasi ya kuongezea.

Kwa mashine zenye prosesa hizo za Intel kuna jambo dogo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: tarakimu ya mwisho kabla ya herufi V hukuambia kiasi cha RAM. Prosesa za 226V, 236V na 256V zina GB 16, ilhali za 228V, 238V na 258V zina GB 32. Muuzaji akikuonyesha mashine ya 256V huku karatasi yake ikidai GB 32, basi ama karatasi zimechanganyika ama unapimwa akili.

Sasa, GB 16 zinatosha? Kwa kazi ulizozieleza, leo zinatosha. Ila wewe unazungumzia miaka mitano au sita, na ni vyema kutazama watengenezaji wenyewe wameweka wapi mstari wa chini. Microsoft ilipotangaza kompyuta za Copilot+, yaani za Windows zilizoandaliwa kwa kazi za akili mnemba, mwezi Mei 2024 iliweka GB 16 kuwa kiwango cha chini kabisa, na Apple mwezi Oktoba mwaka huohuo iliacha kuuza MacBook Air za GB 8 na kuzianzisha zote kwenye GB 16. Kiwango cha kuanzia cha leo ndicho kitakachokuwa kero ya kesho. Tena kumbuka kwamba katika mashine hizi sehemu ya michoro haina RAM yake yenyewe. Inachota humohumo, na ukiongeza kioo cha nje chenye pikseli nyingi inachota zaidi. RAM ikijaa, mfumo endeshi huanza kuhamishia kurasa kwenye diski, na hapo ndipo unapobofya kichupo ulichokiacha asubuhi ukasubiri kwanza kipakie upya. Kwa upande wa Windows mimi ningechukua GB 32 bila kusitasita. Kwa MacBook Air ningesema GB 16 zitakufikisha mbali, na GB 24 ni za mtu ambaye hafungi kichupo hata kwa kulazimishwa.

Kwenye diski mambo ni tofauti kidogo. X1 Carbon na Zenbook S 14 zina SSD ya aina ya M.2 inayofunguliwa kwa bisibisi, kwa hiyo unaweza kununua ya GB 512 leo na kuiongeza baadaye. MacBook Air imelehemu hifadhi yake kwenye ubao, na toleo la msingi la GB 256 hujaa mapema kuliko watu wanavyotarajia, hasa picha na viambatisho vya barua pepe vinapolundikana. Ukichagua hiyo, lipia hifadhi siku ya kwanza au ukubali kutembea na diski ya nje, ambayo nayo ni uzito mkobani.

Kuhusu uzito wenyewe: MacBook Air ya inchi 13 ina kilo 1.24, Zenbook S 14 ina takribani kilo 1.2, na X1 Carbon ya kizazi cha 13 huanzia chini kidogo ya kilo 1. Ukizishika moja moja mkononi, gramu 200 zinahisika mara moja. Zikishaingia mkobani pamoja na chupa ya maji na vitabu, hazihisiki. Kinachohisika ni chaja. Chaja ya wati 65 ya mtindo wa zamani pamoja na waya wake mnene inaweza kukaribia gramu 300, wakati chaja ndogo za kisasa zinazotumia galiamu nitridi hufanya kazi hiyohiyo kwa chini ya nusu ya ukubwa huo. Zote tatu zinapokea umeme kupitia USB-C, kwa hiyo chaja moja ndogo inaweza kuhudumia kompyuta na simu, na hapo umeokoa uzito mkubwa kuliko tofauti ya mashine zenyewe.

Mhariri Mkongwe alijibu:

Nakubaliana na Fundi kwamba kioo na kibodi ndivyo vitu vya kufa na kuzikana navyo, ila amevitaja akapita, na kwa mtu wa maandishi hapo ndipo palipo na mengi.

Naanza na kioo. OLED ni kizuri mno kwa picha na filamu, kwa sababu kila pikseli hujiwakia na kujizimia yenyewe, hivyo weusi unakuwa weusi kweli. Lakini tabia hiyohiyo inageuka gharama mbele ya ukurasa mweupe: ripoti iliyofunguliwa kioo kizima maana yake ni karibu pikseli zote zinawaka kwa nguvu, na betri inalipa. Isitoshe, vioo vingi vya OLED hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima kwa kasi isiyoonekana kwa jicho, na wako watu ambao baada ya saa kadhaa za kusoma kwa mwanga hafifu huumwa kichwa bila kujua chanzo chake. Si kila mtu hupatwa na hali hiyo. Njia ya kujua ni kukaa mbele ya kioo hicho ukiwa umepunguza mwanga, usome kurasa kadhaa za maandishi, na usiishie kutazama ile video ya maua na vipepeo wanayoiweka dukani. Suala la kioo cha OLED kubaki na alama za vitu visivyohama, kama ule mstari wa programu chini ya kioo, limepungua sana siku hizi, ingawa kwa mtu anayepanga kukaa na mashine miaka sita si la kupuuza kabisa.

X1 Carbon inapatikana pia na kioo cha IPS, yaani cha LCD kinachowaka kwa taa ya nyuma, cha pikseli 1920 kwa 1200 chenye mwangaza wa niti 400 na uso usioakisi. Kwenye karatasi ya sifa kinaonekana cha kawaida mno kwa mashine ya daraja lake, na ndiyo maana wengi hukiruka. Mimi ndicho ninachokitumia. Hakiakisi taa ya dari wala uso wangu mwenyewe, kinatumia umeme kidogo, na kwa inchi 14 kina pikseli kama 162 kwa kila inchi, kiasi kinachotosha herufi zisomeke vizuri bila kuwa kali sana. Kwa haki niseme kwamba MacBook Air ina kama 224 kwa inchi na Zenbook S 14 inazidi 240, na ukiziweka kando ya X1 yenye kioo hicho, herufi zao zinaonekana kama zimechapwa kitabuni. Mwenye jicho la kudai ukali huo hatauzoea upungufu wa hiki changu. Vyovyote iwavyo, usishuke chini ya niti 400 kama wakati mwingine hukaa karibu na dirisha.

Jambo jingine ambalo halitangazwi vya kutosha ni umbo la kioo. Vioo vya zamani vya uwiano wa 16 kwa 9 vilikuwa vipana na vifupi, vikifaa filamu kuliko ukurasa. Tatu ulizozitaja zote zina kioo kirefu zaidi kwenda juu, uwiano wa 16 kwa 10 au unaokaribia huo, na mistari michache inayoongezeka kwenye ukurasa hupunguza kazi ya kusogeza juu na chini kutwa nzima. Surface Laptop ya Microsoft inakwenda mbali zaidi kwa uwiano wa 3 kwa 2, na laiti isingekuwa na uzito wa kilo 1.34 kwa ile ya inchi 13.8 ningekushauri uiongeze kwenye orodha.

Kibodi sasa. Vitufe vya X1 Carbon hushuka karibu milimita 1.5, vya MacBook Air karibu milimita 1. Namba hizo zinaonekana kama mzaha mpaka uandike kurasa kumi mfululizo. Kitufe kinachoshuka kidogo hugonga chini mapema, na vidole vyangu huanza kulalamika. Wapo wenzangu wanaopenda hivyohivyo kwa sababu kasi yao huongezeka. Ukienda kujaribu, andika aya nzima ya maneno yako, kisha ubonyeze katikati ya kibodi kwa kidole gumba uone kama bamba linabonyea. Halafu mashine ikiwa imefungwa mezani, inua kifuniko kwa kidole kimoja: bawaba nzuri hufunguka bila kuinua sehemu ya chini, na kifuniko kikishasimama hakitikisiki unapochapa. Hayo mawili hunionyesha daraja la mashine mapema kuliko jina la prosesa.

Upande mmoja ambao MacBook Air haijapata mpinzani ni ile pedi ya kugusa. Haishuki kabisa, mtetemo mdogo ndio unaokudanganya kwamba umebofya, na inaitikia sawasawa kila pembe. X1 ina pedi nzuri na ile nukta nyekundu ya kusogezea mshale katikati ya kibodi, ambayo mtu ama huipenda kwa dhati ama haigusi maisha yake yote.

Bi Tarakimu alijibu:

Nimeona swali la Snapdragon halijaguswa, nami ninaitumia mashine ya namna hiyo kila siku ofisini.

Chipu hizi ni za usanifu wa ARM, usanifu uleule wa simu na wa chipu za Apple, ilhali programu nyingi za Windows ziliandikwa kwa ajili ya prosesa za Intel na AMD. Kompyuta za kwanza za Snapdragon X zilipoingia sokoni Juni 2024, Windows 11 ilikuja na mkalimani wake aitwaye Prism, ambaye huendesha programu za zamani bila mtumiaji kufanya chochote. Kivinjari, programu za ofisi na vikao vya video havimhitaji hata mkalimani huyo kwa sababu vina matoleo yao ya ARM. Kwa hiyo kazi zote ulizozitaja, kaka au dada Mkoba Mwepesi, zitakwenda vizuri, kimya, na betri itakushangaza hasa kwa namna isivyoporomoka mashine inapolala.

Tatizo liko kwenye draiva, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo endeshi kuzungumza na kifaa. Prism hawezi kutafsiri draiva zinazofanya kazi ndani kabisa ya mfumo endeshi. Hizo lazima ziandikwe upya kwa ARM na mwenye kifaa. Printa mpya nyingi zinakubali kwa draiva ya jumla ya Windows, lakini skana ya zamani, kifaa cha kusomea kadi, au programu ya VPN ambayo ofisi fulani huilazimisha inaweza kukataa moja kwa moja, na hakuna fundi wa kukusaidia. Ofisini kwetu ilikuwa mashine ya kuchapia lebo. Mpaka leo nampelekea mwenzangu faili anichapie. Kabla ya kufikiria Snapdragon, andika kila kifaa unachokichomeka na kila programu unayolazimishwa na mwajiri, kisha utafute kama ina toleo la ARM. Ukikuta kimoja tu muhimu hakina, achana nayo. Zaidi ya hapo, prosesa za Intel za 200V zimepunguza sana ile tofauti ya betri iliyokuwepo, na hazina usumbufu huu.

Mkoba Mwepesi aliandika tena:

Nawashukuru sana. Nina skana ya zamani ambayo sina mpango wa kuiacha, kwa hiyo Snapdragon imeondoka mezani.

Nimebaki na mambo mawili. La kwanza, saa za betri zinazotangazwa zinanichanganya, maana kila kampuni ina namba yake na hakuna inayofanana na maisha yangu. La pili, nyumbani nina vioo viwili vya nje ambavyo ningependa kuvitumia pamoja. Je, mashine hizi nyembamba zinavimudu?

Bi Tarakimu alijibu:

La vioo ni jepesi. X1 Carbon na Zenbook S 14 zinaendesha viwili bila shida. MacBook Air ndiyo iliyokuwa na historia: zile za M1 na M2 ziliruhusu kioo kimoja tu cha nje, ya M3 ikaruhusu viwili kwa sharti la kufunga kifuniko chake, na ya M4 ndiyo ya kwanza kuruhusu viwili huku kifuniko kikiwa wazi. Ukishawishiwa kununua Air ya zamani kidogo kwa bei nafuu, likumbuke hilo. Kumbuka pia kwamba Air ina matundu mawili tu ya USB-C, na tundu la chaja kando yake, kwa hiyo kwa HDMI utahitaji kipachiko. X1 ina HDMI na USB za kawaida mbili ndani yake, na Zenbook ina HDMI na USB ya kawaida moja.

Kuhusu betri, acha saa utazame wati-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inabeba, kisha ugawanye kwa wati zinazoliwa. MacBook Air ya M4 ina betri ya takribani wati-saa 54. Apple yenyewe inatangaza hadi saa 18 za kutazama video na hadi saa 15 za kutumia intaneti. Gawanya na utaona kwamba saa 18 zinadai mashine nzima ile wati 3 tu, kioo kikiwemo, jambo linalowezekana mwanga ukiwa mdogo na chipu ikiwa karibu imelala. Kikao cha video hakiko hivyo: kamera, maikrofoni, Wi-Fi na usindikaji wa picha vinafanya kazi kwa pamoja. Tuseme kinakula wati 9. Betri ya wati-saa 57 ya X1 Carbon itakupa saa 6 na dakika chache kwa vikao vitupu, na ile ya wati-saa 72 ya Zenbook itakupa saa 8. Ukirudi kwenye kuandika kwa wati 5, hesabu inapanda hadi saa 11 na zaidi ya 14. Siku yako ni mchanganyiko wa hayo mawili, na wewe ndiye unayejua vipimo vya mchanganyiko huo. Kwa uzito wa kilo 1.2, betri ya Zenbook ni kubwa kwa kweli, ingawa kioo chake cha OLED kitakula sehemu ya ziada hiyo ukishinda kwenye kurasa nyeupe, kama alivyoeleza Mhariri.

Jicho Kavu alijibu:

Wakuu, naomba kuuliza jambo ambalo hakuna aliyeligusa: kwa nini iwe mpya? Kwa kazi za maandishi na vikao, X1 Carbon ya vizazi viwili au vitatu nyuma, au HP EliteBook 840 iliyotoka kwenye kampuni baada ya mkataba wake wa miaka mitatu kwisha, inafanya kila kitu kilichoorodheshwa hapa. EliteBook 840 za G8, kwa mfano, huanzia takribani kilo 1.3 na zina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo lile suala la rufaa alilolisema Fundi halipo. Tunashauriana kana kwamba wepesi ulianza mwaka jana, wakati MacBook Air ya kwanza ya 2008 ilikuwa na kilo 1.36.

Fundi wa Ubao alijibu:

Bwana Jicho Kavu hajakosea, na nusu ya wateja wangu wangefanya vizuri kumsikiliza. Ila anayenunua mashine iliyotoka kwenye kampuni akague mambo matatu kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, kufuli. Kompyuta nyingi za kampuni zimesajiliwa kwenye mfumo wa usimamizi wa mwajiri, na hata ukifuta kila kitu, siku utakapoiunganisha na intaneti itakudai akaunti ya mwajiri huyo. Nyingine zina nywila ya BIOS (programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows) ambayo kuiondoa si kazi ya dakika mbili. Kwa MacBook, hakikisha akaunti ya mmiliki wa zamani imeondolewa yeye akiwepo. Mashine iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine ni bamba la alumini tu. Pili, umri wa prosesa. Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha 8, kwa hiyo zile X1 Carbon za zamani sana, hata zikiwa zinang'aa, ziache. Tatu, betri. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na utapata ripoti inayolinganisha uwezo betri iliotoka nao kiwandani na uwezo iliobaki nao. Ikishuka chini ya asilimia 80 weka gharama ya betri mpya kwenye hesabu yako. Kwenye Mac ripoti ya mfumo inaonyesha idadi ya mizunguko ya kuchaji, na Apple imezitengeneza betri hizi kwa mizunguko 1000.

Lakini Mkoba Mwepesi anataka miaka sita. Mashine ambayo tayari imekula mitatu itamfikisha mwaka wa tisa ikiwa na betri ya pili au ya tatu, na kwenye hizi nyembamba bawaba na tundu la USB-C ndivyo ninavyoletewa zaidi mezani kwangu. Tundu hilo hulegea kwa sababu watu huinua kompyuta huku waya umechomekwa. Kwa yeye, mpya ina mantiki.

Mkoba Mwepesi aliandika tena:

Nimepata nafasi ya kuzishika zote tatu, nikafanya jaribio la kidole gumba na la bawaba mbele ya muuzaji aliyekuwa akinitazama kwa mashaka. Kibodi ya X1 Carbon imenishinda hoja. Naelekea kwenye ile yenye prosesa ya 258V, maana yake GB 32, na kioo cha IPS kisichoakisi. Zenbook ilinivutia kwa betri, lakini taa za dukani zilijaa kwenye kioo chake. MacBook Air nimeiacha kwa shingo upande, maana pedi yake niliipenda. Ila nyaraka za kazini zina makro za Windows ambazo hazipatani na Mac. Mkinunua mashine mpya ya namna hii, mnafanya nini wiki ya kwanza?

Mhariri Mkongwe alijibu:

Fungua ukurasa mweupe mtupu uutazame kioo kizima, halafu mweusi, ukitafuta nukta iliyokufa na mwanga unaovuja pembeni. Chapa kila kitufe, pamoja na vile usivyovitumia. Fanya kikao kimoja kirefu cha video mashine ikiwa mapajani ujue joto lake liko upande gani, maana X1 ina feni na tundu la kutolea hewa ambalo hutaki liwe limezibwa na nguo. Yote haya yafanye muda wa kurudisha bidhaa ukiwa haujapita.

Fundi wa Ubao alijibu:

Nami naongeza mawili. Kwenye programu ya Lenovo iliyomo ndani, weka kikomo cha kuchaji kwenye asilimia 80 kwa siku unazoshinda mezani na waya umechomekwa, kwa sababu betri ya lithiamu huzeeka haraka ikikaa imejaa na ikiwa moto. Uondoe kikomo hicho usiku wa kuamkia safari. Pia nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows ubadilishe kitendo cha kufunga kifuniko, kompyuta iandike kila kitu kwenye diski na kuzimika kabisa badala ya kusinzia. Windows inayosinzia huamka yenyewe kutafuta masasisho, na mkoba uliofungwa zipu hauna pa kutolea joto. Utasubiri sekunde kadhaa zaidi unapoifungua, lakini utaikuta na chaji uliyoiacha nayo.